Kabla ya Kutundika Mzinga, Yajue Maua



Je, umepata kutundika mzinga, nyuki wakaingia, ukafurahi na kuwaambia jirani zako, kisha baada ya miezi michache ukapanda kuchungulia usikute kitu ila masega makavu na utando wa buibui? Ikiwa jambo hilo limekupata, makala haya ni yako. Na ikiwa hujatundika mzinga bado, ni yako zaidi, maana utaepuka hasara niliyoipata mimi.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, na desturi ya ualimu hainitoki: nikikosea hesabu, napenda kujua nilikosea katika mstari gani. Basi sikiliza hesabu yangu.

Nilinunua mizinga minne kwa mkopo wa chama cha akiba, nikaitundika katika shamba letu la minazi hapa Bongwe. Nia yangu ilikuwa asali ya kwanza ilipe mkopo, na ya pili imnunulie binti yangu sare na viatu vya kuanzia shule ya sekondari. Mwanzo wa vuli nyuki waliingia katika mizinga mitatu. Nikaona vema shamba nalo lipendeze. Nikawaajiri vijana wawili, tukafyeka na kulima chini ya minazi mpaka ukabaki mchanga mtupu. Kivumbasi, kishona nguo na kila kijimea chenye ua tulikikusanya tukakitia moto. Kando ya ua palikuwa na mkunazi wenye miiba. Nao niliukata, kwa kuwa ulinichania shati.

Kaskazi ilipokolea, mizinga miwili ikawa kimya. Wa tatu ukafuata kabla ya mvua za mwaka. Mkopo niliulipa kwa mshahara, na binti yangu alianza shule kwa viatu vya kuazima.

Nililaumu siafu. Nikamlaumu nyegere. Nilikuwa karibu kuwalaumu watu, lakini akaja jirani yangu, mzee mmoja aliyerina asali tangu ujana wake. Alisimama chini ya mzinga, wala hakutazama juu. Alitazama chini, kwenye mchanga. Akaniuliza, "Mwanangu, hawa wageni wako uliwawekea chakula gani?"

Nikamjibu, "Mzee, si nyuki hujitafutia wenyewe?"

Akasema, "Ndiyo, hujitafutia. Basi wamekwenda kujitafutia."

Hapo ndipo nilipouona mstari nilioukosea. Nilijua bei ya mzinga, nilijua bei ya asali, lakini sikujua hata ua moja ambalo nyuki wangu walilitegemea.

NYUKI ANATAFUTA NINI KATIKA UA?

Yafaa kwanza tujue haja ya nyuki, maana asiyejua mgeni anakula nini hawezi kumkaribisha.

Nyuki hutafuta vitu viwili katika maua. Cha kwanza ni mbochi, yaani yale maji matamu yaliyo ndani ya ua. Nyuki huyanyonya kwa ulimi wake mrefu, huyabeba tumboni katika kifuko cha peke yake, na akifika mzingani huwapa wenzake. Huko huyageuza na kuyakausha kwa upepo wa mabawa yao mpaka maji yanayobaki ni chini ya sehemu 20 katika kila 100. Hiyo ndiyo asali.

Cha pili ni chavua, yaani ule unga wa ua unaoshika kidoleni ukiligusa. Nyuki huukusanya, huukanda kwa mbochi kidogo, na kuubeba katika miguu ya nyuma kama vidonge viwili vidogo. Huo ndio chakula cha kulelea watoto. Pasipo chavua hapana watoto, na pasipo watoto mzinga huzeeka na kufa, hata kama una asali.

Basi kumbuka: ua laweza kutoa mbochi tu, au chavua tu, au vyote viwili, au lisitoe hata kimoja. Mwenye mizinga yampasa ajue kila mmea wake uko katika fungu gani.

Tena kumbuka kwamba nyuki wetu wa Afrika hawana uvumilivu wa kukaa na njaa. Nyumba ikikosa chakula, hula akiba yao, kisha huondoka wote pamoja na malkia wao kwenda mahali pengine. Watu husema wamelogwa, au mzinga una harufu mbaya. Mara nyingi sababu ni njaa.

NAMNA YA KUTAMBUA

Kazi hii haitaki chombo cha gharama. Inataka daftari la shule, kalamu, karatasi nyeupe, na subira.

Kwanza, chagua mmea mmoja uliochanua, simama hatua mbili tatu mbali nao, na utazame kwa dakika 10. Hesabu nyuki waliokuja. Fanya hivyo asubuhi jua likianza kupanda, halafu adhuhuri, halafu alasiri. Usiridhike na mara moja, kwa kuwa maua mengine hutoa mbochi kwa saa chache tu. Ua la tikiti maji hufunguka asubuhi na kufungwa siku hiyo hiyo. Mbelewele za mahindi hutoa unga wake zaidi asubuhi. Ukienda kutazama saa tisa za mchana utasema nyuki hawayapendi mahindi, kumbe walikuja ukiwa hujamaliza chai. Nyuki wana kumbukumbu ya saa. Wakipata chakula mahali fulani wakati fulani, kesho hurudi wakati ule ule.

Pili, tazama nyuki anafanya nini. Akiingiza kichwa ndani ya ua na kutulia, ananyonya mbochi. Akitambaa juu ya ua kwa haraka, mwili umejaa vumbi na miguu ya nyuma ina vidonge, anachukua chavua. Andika "M" au "C" katika daftari, au zote mbili.

Tatu, hakikisha kwamba mdudu unayemhesabu ni nyuki wa asali kweli. Wako nzi wenye mistari ya manjano na nyeusi waliofanana sana na nyuki. Nzi ana mabawa mawili tu na macho makubwa yaliyojaza kichwa. Nyuki ana mabawa manne. Yuko pia yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye boriti na pau za nyumba zetu. Huyo ni rafiki wa mkulima, hasa kwa pasheni na mbaazi, lakini hatakujazia mzinga. Wako na nyuki wadogo sana wasiouma, ambao asali yao ni kidogo na yapendwa kwa dawa. Kila mmoja mwandike mahali pake.

Nne, rudi mzingani. Kaa ubavuni, usizibe njia yao, na utazame vidonge wanavyoingia navyo. Utaona rangi mbalimbali: vyeupe, vya manjano, vya rangi ya chungwa, pengine vya kijani au kahawia. Sasa chukua maua yaliyochanua shambani siku hiyo, uyapake moja moja juu ya karatasi nyeupe, na uandike jina kando ya kila alama. Unga wa ua ukifanana na kidonge cha nyuki, umepata dalili njema. Katika safari moja nyuki hushika aina moja ya ua na haichanganyi na nyingine. Kwa hiyo vidonge vyake vyote viwili huwa vya rangi moja. Jambo hilo lilionwa tangu zamani na Aristotle wa Uyunani.

Tano, tazama nyuki wanaruka kuelekea upande gani wakitoka. Wakielekea wengi upande mmoja, wafuate kwa miguu utazame kilichochanua huko. Mtaalamu Karl von Frisch, aliyezaliwa Vienna, aligundua kwamba nyuki aliyepata chakula hurudi mzingani akacheza ngoma juu ya sega, na kwa ngoma hiyo huwaonyesha wenzake upande wa kwenda na umbali wake. Kwa kazi yake hiyo alipewa pamoja na wenziwe wawili tuzo ya Nobel mwaka 1973. Basi ukiona wengi wanakwenda njia moja, jua kwamba habari imekwisha kutangazwa nyumbani.

USIDANGANYWE NA UZURI

Watu wengi hudhani kwamba penye maua mengi mazuri pana asali. Sivyo. Katika bustani za hoteli za Diani utaona ukuta mzima wa bogenvilia umewaka rangi. Zile zinazong'aa ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kijineli chembamba cha katikati, nalo nyuki hana faida nalo kubwa.

Von Frisch huyo huyo alionyesha kwamba nyuki haoni rangi nyekundu kama tuionavyo sisi. Kwake ni kama nyeusi. Lakini huona vizuri buluu na manjano, na huona pia mwanga wa aina nyingine ambao macho yetu hayauoni kabisa. Kwa hiyo ua hafifu lisilokuvutia wewe laweza kuwa limejaa alama za kumwelekeza nyuki penye mbochi.

Wala harufu peke yake si ushahidi. Asumini hunukia sana usiku kwa kuwaita nondo, na usiku nyuki wamelala. Mbuyu nao hufungua maua yake jioni kwa ajili ya popo; nyuki hufika alfajiri kuokota masazo.

Na mara nyingine utamkuta nyuki pasipo na ua lolote. Ukimwona juu ya shina la jani la mbarika, usishangae. Mmea huo una vijitundu vya utamu katika vikonyo vya majani yake. Ukimwona juu ya tope, anakunywa maji.

MIMEA YA KWETU

Sasa tupite pamoja katika shamba la Bongwe na majirani zake.

Mnazi. Huu ndio mama wa nyuki wa pwani. Mnazi mzima wenye afya hutoa kishada kipya karibu kila mwezi, kwa hiyo katika shamba la minazi daima pana karara lililopasuka. Maua madogo ya kiume huwa mengi sana, nayo hutoa chavua na mbochi. Yale makubwa ya kike yaliyo chini, ambayo baadaye huwa vidaka, nayo yana mbochi. Lakini mnazi unaogemwa haufungui maua, kwa kuwa mgema hukifunga na kukikata kishada kingali ndani ya karara. Nyuki huvutwa na tembo, wakaingia kibuyuni wakafa kwa mamia. Ukiwa na mgema shambani, zungumza naye kwa wema afunike mdomo wa kibuyu kwa kipande cha kilifu. Yeye atapata tembo safi, nawe nyuki wako watapona.

Mkorosho. Vishada vyake vya maua madogo yenye mistari ya rangi ya waridi hunukia vizuri, na nyuki huvipenda. Katika kishada kimoja maua mengi ni ya kiume, na machache tu ndiyo yawezayo kuzaa korosho. Hayo machache yanahitaji mdudu wa kuyaletea chavua. Hapa nyuki na mkulima wanasaidiana.

Mwembe. Maua ni mengi ajabu, lakini chunguza kwa makini: wageni wake wengi ni nzi. Nyuki huja pia, ila usihesabu kila kinachovuma.

Mchungwa, mdimu na mlimau. Hii yote hutoa mbochi nyingi, hasa ikichanua kwa wingi baada ya mvua kunyesha juu ya kiangazi.

Mkwaju, mzambarau na mwarobaini. Miti hii watu huiacha kwa ajili ya kivuli, tunda au dawa, wala hawajui kwamba ni ghala la nyuki. Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, una vishada vyeupe vyenye harufu tamu. Uchungu wa majani yake usikutishe. Nyuki hafuati majani.

Mkunazi. Huu ndio mti nilioukata kwa sababu ya shati. Baadaye nilijifunza kwamba katika Oman na Yemeni asali ya mti uitwao sidri, ambao ni ndugu wa mkunazi wetu, huhesabiwa miongoni mwa asali bora na za bei kubwa kabisa. Shati lile lilikuwa kuukuu.

Mlonge, au mzunze. Huota upesi kwa mbegu au kwa tawi, na pwani huchanua mara nyingi katika mwaka. Mtu mwenye nafasi ndogo aanze na mti huu.

Mazao ya msimu. Ufuta na alizeti ni bora. Boga, tango na tikiti maji hutoa mbochi na chavua, tena haya hayawezi kuzaa pasipo mdudu, kwa sababu ua la kiume na la kike ni mbalimbali. Tikiti lililopinda au lenye upande mmoja uliodumaa mara nyingi ni tikiti ambalo ua lake halikupata wageni wa kutosha. Mahindi hutoa chavua tu. Mihogo ya aina zinazochanua hutembelewa pia.

Magugu. Hapa ndipo penye fundisho langu. Kivumbasi kina maua madogo ambayo macho yetu huyapita bila kuyaona, lakini simama karibu nacho asubuhi nawe utasikia mvumo. Kishona nguo, ambacho mbegu zake hutuudhi katika suruali, humpa nyuki mbochi na chavua. Mimea hii midogo ndiyo iletayo kifungua kinywa wakati miti mikubwa imefunga jikoni. Sisemi uache magugu yale mahindi yako. Palilia zao lako barabara. Lakini mpakani, kando ya njia na chini ya minazi mikubwa, acha ukanda wake ukae.

MISITU NA MIKOKO

Nyuki kwa kawaida hutafuta chakula ndani ya mwendo wa kilomita 3 hivi, ingawa huweza kwenda mbali zaidi akilazimika. Ukichora duara la kilomita 3 pande zote za mzinga, utapata karibu eka 7,000. Wewe una eka 2 au 3. Maana yake ni kwamba nyuki wako wanalishwa na shamba la jirani, na misitu, na vichaka ambavyo si vyako. Kwa hiyo maua ni jambo la kijiji kizima.

Huku kwetu Kwale tuna bahati ya misitu ya Kaya. Wazee waliizuia miti yake isikatwe, na kwa katazo hilo imebaki mimea mingi ambayo kwingine imekwisha. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kaya Kinondo, kusini ya Diani, ni mojawapo. Mwenye shamba karibu na Kaya asiingie kutundika wala kukata kitu bila idhini ya wazee. Hana haja. Atundike mzinga mpakani kwake, nyuki watavuka wenyewe, nao hawahitaji ruhusa.

Wakulima wa Gazi, Msambweni na Vanga wana malisho mengine, nayo ni mikoko. Lakini hapa napo yafaa kutambua, maana si kila mti wa baharini una faida. Ulio bora kwa nyuki ni mchu, wenye maua madogo ya manjano yenye harufu tamu. Mlilana hufungua maua yake usiku kwa popo na nondo. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa, hutegemea upepo zaidi. Watu wa Gazi na Makongeni wanaihifadhi mikoko yao katika mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wao mti ukibaki umesimama hupata faida, na mzinga ukiwa karibu ni faida juu ya faida. Sisi wa Bongwe tusijidanganye kwamba nyuki wetu watakwenda kula mchu wa Gazi. Ni mbali mno.

ANDIKA KALENDA YAKO

Usingoje mtu akuletee kalenda ya maua kutoka mahali pengine. Mvua ya Bongwe si mvua ya Kinango, na mkorosho wa mchangani hauchanui siku moja na wa vilima vya Shimba. Chukua daftari, gawa ukurasa katika mistari 12, mstari mmoja kwa kila mwezi. Kila Jumapili, au siku yoyote upendayo, tembea saa moja na uandike: mmea uliochanua, idadi ya nyuki katika dakika 10, na alama ya "M" au "C".

Mwaka ukitimia, soma daftari lako. Mistari iliyojaa ni miezi ya kurina, na usirine ila baada ya maua makubwa kupita na masega kuzibwa. Lakini itazame zaidi mistari mitupu. Katika daftari langu mstari wa Februari ulikuwa na mnazi peke yake, na wa Machi vivyo hivyo. Ndiyo miezi ile ile ambayo nyuki wangu waliniacha. Na katika mvua kubwa za Mei mstari ulikuwa na maua mengi lakini nyuki wachache, kwa kuwa mvua huwazuia kutoka.

Mstari mtupu unakuambia mambo mawili. La kwanza, usichukue asali yote kabla ya miezi hiyo; acha masega kadhaa ndani, maana ni posho yao. La pili, tafuta mmea utakaochanua wakati huo na uupande. Mwulize mrina asali mzee wa kijiji chako. Yeye daftari lake liko kichwani.

DAWA ZA MIMEA

Jambo la mwisho ni zito, nami naomba ulisome mara mbili. Mtu akinyunyiza dawa ya kuua wadudu juu ya mkorosho au tikiti lililochanua, saa mbili za asubuhi, huwaua nyuki wa kijiji kizima. Wengine hufa pale pale, wengine hufika na sumu nyumbani. Asubuhi yake utakuta rundo la maiti mbele ya mlango wa mzinga.

Kwa hiyo usinyunyize zao likiwa katika maua ikiwa waweza kungoja. Ikiwa huwezi, nyunyiza jioni nyuki wakiisha kurudi, na uchague dawa isiyokaa na ukali siku nyingi. Soma karatasi yake au uliza ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe. Mwarifu jirani mwenye mizinga siku moja kabla. Nawe mwenye mizinga, wajulishe jirani zako kwamba unayo. Jirani asiyejua hana kosa.

Na onyo dogo: asali iliyotoka katika maua ya baadhi ya miti ya jamii ya mnyaa huwasha koo. Ikiwa ua wako wote ni wa mimea hiyo, onja kwanza kidogo kabla ya kuuza.

KWA UFUPI

1. Tazama maua mwaka mmoja, au walau msimu mmoja, kabla ya kununua mizinga mingi. Anza na mmoja.

2. Usiamini rangi wala harufu. Amini hesabu ya dakika 10.

3. Palilia zao, lakini acha ukanda wa maua mpakani.

4. Usikate mti kabla ya kuuona ukichanua.

5. Panda kwa ajili ya miezi mitupu, siyo kwa ajili ya miezi iliyojaa.

6. Nyunyiza dawa jioni, na uwaambie jirani.

7. Baki na asali ya nyuki ndani ya mzinga.

Mimi nimepanda milonge kandokando ya ua na nimeacha kivumbasi chini ya minazi. Kisiki cha mkunazi nilidhani kimekufa, lakini mvua iliyofuata kilichipua, nami nikakiwekea uzio mbuzi wasikifikie. Nyuki wamerudi katika mizinga miwili. Asali niliyorina mara ya kwanza ilijaza chupa chache tu. Haikutosha kulipa mkopo, ila ilitosha kununua jozi ya viatu, na vile vya kuazima nimevirudisha kwa mwenyewe. Chupa moja nilimpelekea yule mzee. Aliionja, akanyamaza kidogo, kisha akanitajia maua matatu yaliyomo ndani yake. Mimi katika daftari langu nilikuwa nimeandika mawili.

Basi ndugu mkulima, kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, chukua daftari utoke nje. Anza na ua lililo karibu kabisa na mlango wako.